Redio Iliyozima Kabla ya Matangazo

Redio yetu ilikuwa na adabu mbaya. Ilicheza muziki vizuri, ikasoma habari vizuri, ikapeleka salamu za watu nisiowajua kwa watu wengine nisiowajua, halafu matangazo ya vifo yakikaribia, inazima. Haikukwaruza kwanza wala sauti haikufifia. Ilizima tu, na ukiweka mkono juu yake unakuta ina moto kama sufuria. Jioni ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Iliporudia tena na tena, nikaanza kutazama watu.

Kutazama watu ndiyo ilikuwa kazi yetu sote pale Busia miaka ya sabini. Tulikaa upande wa Kenya, karibu na uwanja ambapo malori yalilala yakisubiri karatasi zao, na ng'ambo ya pili kulikuwa na utawala wa bunduki. Mpaka ulifungwa leo, ukafunguliwa kesho, na hakuna aliyekueleza kwa nini. Mgeni akikuuliza njia, unajiuliza ametumwa na nani. Jirani akinunua viatu vipya, unajiuliza ameuza nini, au amemuuza nani. Mume wangu alikuwa karani kwa mawakala wa kupitisha mizigo, mtu wa kalamu na shati jeupe, na hata yeye nilimtazama. Mimi sikuzaliwa jana.

Sasa, kwa nini nihangaike na redio? Kwa sababu ya mama yangu mzazi. Mama alikuja kukaa kwangu baada ya ugonjwa uliotaka kumchukua. Alibebwa kutoka kijijini kwetu Marachi kwa kitanda, amefunikwa shuka hadi kidevuni, na njiani wanawake walishaanza kulia. Hospitali walimtazama wakatikisa kichwa. Nadhani alipona kwa ubishi tu. Lakini alipopona alikuta amepotelewa na mwanawe. Kaka yangu alikuwa amevuka kwenda Tororo kutafuta kazi kwenye kiwanda cha saruji, na tangu mama augue hatukupata neno lake, hata salamu ya kutumwa na dereva. Na siku hizo mtu akifa ng'ambo, habari yake ilivuka kwa redio. Walisoma kwa lugha baada ya lugha, na zamu ya lugha yetu ilipofika, nyumba zote za mtaa ule zilinyamaza. Kama kaka amekufa, pale ndipo tutasikia. Kama hatajwi, bado tuna mtu.

Kwa hiyo kila jioni mama alivuta kiti chake hadi ubavuni mwa redio, na sindano yake ya kroshia na uzi mweupe, akafuma huku anasikiliza. Na kila jioni redio ikazima kabla ya zamu yetu.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa fundi. Alikuwa na kibanda nyuma ya maduka, mtu mwembamba aliyetoka ng'ambo kwa sababu ambazo hakusema, na mtu asiyesema sababu zake mimi simpi redio aondoke nayo. Nilimwita aje nyumbani aifungue mezani pangu. Lakini kabla hajafika nilifanya jambo ambalo kila mwanamke mwenye akili pale mjini alilifanya kabla ya kumpa fundi kitu: nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikatia tone kwenye kila taa ya ndani. Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya zile zenye taa za kioo zinazowaka kama makaa madogo, mafundi wakiziita valvu. Mafundi walikuwa na sifa. Unapeleka redio mbovu, inarudi kama imepona, kumbe roho yake imebaki kibandani inaimba kwenye redio ya mtu mwingine.

Fundi alifungua mgongo wa redio, akaona yale madoa mekundu, akanitazama. Alitabasamu kidogo, na lile tabasamu likaniudhi. Akaeleza kwamba hakuna kilichokufa. Redio inashikwa na joto. Valvu zake zimezeeka, zinakula umeme mwingi na kutoa moto mwingi, na ule moto hauna pa kutokea. Akaonyesha matundu ya mgongoni. Mama akaacha kufuma, akauliza ni matundu gani hasa. Fundi akamwonyesha kwa kidole, akasema hewa ikipita hapa redio itaendelea, hewa isipopita itazima. Mama akaitikia, akashukuru, akarudi kwenye uzi wake. Mimi niliona ni mama mzee anayependa kujua mambo.

Tuliisogeza redio mbali na ukuta kama alivyosema. Ndipo ikazidi kuzima! Sasa haikufika hata kwenye salamu. Nikaifungua mwenyewe, nikahesabu madoa yangu mekundu, yote yapo. Basi si fundi, au ni fundi kwa njia nisiyoijua. Nilibaki nimesimama pale na bisibisi mkononi, nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Nikamgeukia mume wangu. Nilikuwa na sababu. Yeye hakuipenda ile stesheni ya ng'ambo. Alisema karani wa mpakani hasikilizi redio ya watu wanaogombana na serikali yake, na kila tulipoifungua alisimama akafunga dirisha. Naibu wa chifu alishawahi kuja kunywa chai bila kualikwa, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye waya wa aria, ule wa kunasia mawimbi, uliopanda paani. Alitaka kujua waya ule unapokea tu au pia unatuma. Tangu siku hiyo mume wangu alikuwa akiipita redio kama mtu anayepita mbwa asiyemjua. Basi nikamwambia wazi, chakula kikiwa mezani, kwamba ni yeye anayeizima, na kama anaogopa kazi yake aseme, asimtese mama yangu.

Haki, sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisukuma sahani. Alisema kama mimi naona hivyo, basi redio itatengenezwa yote, ndani na nje, hadi isiwe na sababu ya kuzima, na siku itakapozima tena nitafute mchawi wangu mahali pengine. Asubuhi akamfuata fundi mwenyewe.

Fundi akaleta mzigo wake kwenye begi la ngozi, na safari hii tulikaa wote kumzunguka mezani, kama watu wanaogawa nyama. Hivyo ndivyo fundi alivyofanyiwa kwetu, na hakuna aliyeona aibu. Anatoa kitu, macho yanafuata mkono. Anaweka kitu, macho yanarudi. Alitoa valvu za zamani akaweka mpya zenye nguvu zaidi, na nikamlazimisha aniachie zile kuukuu kwenye bakuli. Alikata mbao mgongoni akafunga feni ndogo, sijui aliichomoa kwenye mashine gani, ya kusukuma ule moto nje. Mwisho akatoa tepu, mashine ya kunasa sauti kwa kanda, akaiunganisha na redio kwa waya. Sasa hata kama hakuna mtu karibu, alisema, matangazo yatabaki kwenye kanda, mtu atayasikiliza akirudi. Redio ilikuwa ikisema na kusahau. Sasa itakuwa na kumbukumbu.

Mume wangu alifurahi kama mtoto. Mama hakufurahi. Alitaka kujua kama ile feni ikikwama redio itazima. Fundi akasema itazima, tena haraka, maana valvu hizi ni kali kuliko zile. Mama akaitikia tena, akashukuru tena.

Jioni ile redio iliimba mpaka nikaogopa. Sauti ilikuwa safi, feni inavuma nyuma taratibu, na salamu zikaisha bila tatizo. Matangazo yakaanza, lugha za wengine kwanza. Mama akashika kichwa, akasema kinampasuka, naomba mzime hiyo kitu. Tukaizima. Nani atabishana na mgonjwa? Jioni iliyofuata feni ilivuma kidogo, ikaguna, ikasimama, na redio ikafa.

Mume wangu alinitazama tu. Nilingoja aondoke kwenda kazini kesho yake, nikageuza redio, nikaondoa ubao. Kwenye mhimili wa ile feni, umezungushwa kwa uangalifu na kukazwa kwa fundo, kulikuwa na uzi mweupe wa kroshia.

Nilikaa chini. Ndipo nilipokiona vizuri kile kitambaa ambacho mama aliifumia redio wiki ile fundi alipokuja mara ya kwanza. Kila nyumba ya heshima ilikuwa na kitambaa juu ya redio, kwa hiyo hakuna aliyekishangaa. Lakini cha mama kilikuwa kirefu kuliko vyote mtaani, kilishuka nyuma mpaka chini, kizito, mshono juu ya mshono, na kilifunika kila tundu. Nami ndiye niliyekisifu. Niliwaonyesha hata majirani.

Mama alikuwa nje anachambua mboga. Nilimpelekea ule uzi nikauweka kwenye ungo, juu ya mboga. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, maana nilishaudhika na fundi bure, nikagombana na mume wangu bure. Mama akautazama uzi, akautoa, akaendelea kuchambua.

“Redio ikizima,” akasema, “mtoto wangu yuko hai.”

Sikupiga kelele. Nilimwuliza kwa nini basi anakaa pale kila jioni kama hataki kusikia. Akasema anakaa ili awe karibu na swichi. Kabla hata fundi hajaja alikuwa akiiwekea shali yake mgongoni ikishaanza kupata moto, kwa sababu aliona mwenyewe kwamba redio ikifunikwa inachoka. Fundi alikuja tu kumfundisha vizuri zaidi. Alilisema hilo bila haya yoyote, na nikaona nimezaliwa na mwanamke aliyenishinda ujanja ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tulikubaliana. Jioni ikifika yeye ataingia jikoni afunge mlango, mimi nitasikiliza peke yangu, na sitamwambia chochote mpaka aniulize. Aliridhika. Mimi nikarudi ndani kufungua lile fundo kwa pini, na hapo macho yangu yakaangukia kwenye tepu. Ndani kulikuwa na kanda. Sisi hatukununua kanda. Ile ilikuwa ya fundi.

Tabia haifi kwa siku moja. Nilijiuliza mara moja: kwa nini mtu wa ng'ambo aache kanda yake nyumbani kwa karani wa mpakani? Imenasa nini? Kelele zetu mezani? Maneno ya mume wangu kuhusu naibu wa chifu? Nikairudisha nyuma mpaka mwanzo, nikabonyeza ichezwe, nikaongeza sauti.

Ilikuwa redio ya kibandani kwake. Alikuwa akijaribia mashine kabla ya kutuletea, na alinasa kilichokuwepo hewani. Kukwaruza kidogo, wimbo ukikatika, kisha sauti ya yule mtangazaji wa jioni, polepole kama anayesoma kanisani. Ilikuwa zamu ya lugha yetu. Nilisikia jina la kwanza, la mtu nisiyemjua. Halafu nikasikia jina la kaka yangu, majina yote matatu, na kazi yake, na nyumba za wafanyakazi wa saruji, Tororo.

Sikujua kwamba mama ameingia na ungo wake. Alipita mbele yangu kwa kasi ambayo sikudhani anayo, akashika waya na kuung'oa ukutani. Kisha akakaa sakafuni akaanza kulia kile kilio kinachoita watu. Nami nikalia. Tulilia wote wawili, na nje nikasikia miguu ya majirani inakuja mbio, na mmoja wao tayari ameanza kuuliza ni nani, ni nani.

Lakini kuna neno lilikuwa limebaki sikioni mwangu na halikukaa sawa. Mimi hata nikilia nashuku. Mama aling'oa waya baada ya neno moja zaidi. Baada ya jina la kaka, mtangazaji alisema “anasikitika”. Nikanyamaza ghafla. Maiti hasikitiki! Kwenye matangazo yale anayetangaza ndiye anayetajwa kwanza, halafu ndipo anatajwa aliyekufa, na mama, ambaye hajawahi kukubali kusikiliza tangazo hata moja hadi mwisho, asingejua.

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nilimshika mabega, mama yangu mzazi, mbele ya majirani walioshajaa mlangoni, nikamwambia kwa ukali anyamaze kwa sababu mwanawe yuko hai. Nikachomeka waya, nikarudisha kanda nyuma. Kwa haraka nikapitiliza mara ya kwanza, ikabidi tusikilize tena ule wimbo unaokatika.

Kaka yangu alikuwa anasikitika kutangaza kifo cha binti yake, mtoto mchanga, aliyeugua homa. Mazishi yalikuwa yameshapita hata siku ile fundi aliponasa tangazo. Kisha mtangazaji akataja jina la mtoto. Lilikuwa jina la mama yangu, lile la nyumbani, alilopewa na bibi yake, ambalo hakuna mtu mwingine ninayemjua aliyelibeba. Na mwisho akasema habari hizi zimfikie dada yake aliyeko Busia, Kenya. Dada. Hakusema mama.

Majirani walianza kupumua na kumshukuru Mungu kwamba kijana ni mzima. Mama hakushukuru. Macho yake yalikuwa kwenye ile mashine. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu anayekula ugali. Anapewa jina la aliyekwisha kwenda, ili jina lisipotee. Nikaona njia yote kwa mara moja: mama kwenye kitanda, shuka hadi kidevuni, wanawake wanaolia barabarani, na lori fulani linapita kuelekea mpaka wa Malaba, na dereva wake, aliyeona yote, anampelekea kaka habari ya kifo. Ndiyo maana hakukuwa na salamu. Nani humtumia salamu marehemu? Kaka alikuwa amemlilia mama huko peke yake, na mimi alinisubiri nivuke kumfariji, nami sikuvuka.

“Huko nimeshazikwa,” mama akasema. Kisha akaongeza, “Na mjukuu wangu amezikwa na jina langu, na sikumwona.”

Alilia upya, lakini sasa kilio cha chini, cha mtoto asiyemjua. Niliwatoa majirani nikafunga mlango.

Jioni mume wangu alipopata habari yote, pamoja na ile ya uzi, nilidhani atanicheka mpaka kesho. Hakucheka. Alisema atazungumza na dereva mmoja wa lori la mafuta ambaye alimwamini, au tuseme alimshuku kidogo kuliko wengine. Barua haikufaa. Kaka yangu hajui kusoma, angesomewa na mtu, na mtu huyo angekuwa nani? Mama ndiye aliyesema kanda. Ile mashine inayokumbuka ikumbuke sauti yake.

Kanda ilikuwa ile moja, na kwenye mashine ya fundi, ukinasa jipya la zamani linafutika. Niliona uchungu. Nilimwambia tangazo lile ndilo kitu pekee tulichonacho cha yule mtoto. Mama akafikiri. Akaomba asikie jina mara moja zaidi, nikamchezea, akasikiliza hadi mwisho bila kugusa waya. Kisha akasema futa.

Alisogea karibu na mashine kama anayemnong'oneza mtu. Alimwambia kaka yangu kwamba ni mama yake, kwamba hajafa, kwamba walimbeba wakamrudisha, na pole kwa mtoto. Dereva aliiweka kati ya kanda zake za muziki, akapitia Malaba.

Tulingoja. Mimi nilishamshuku dereva kwa kila dhambi iliyoko duniani kabla hajarudi. Aliporudi alileta kanda ileile. Alisema alimpata kijana, alimchezea ndani ya lori kwa mashine yake ya kunasa, na kijana alisikiliza amekunja mikono, bila kulia hata kidogo, akaomba kusema jambo. Tukaiweka kwenye redio. Feni ikavuma.

Ilikuwa sauti ya kaka yangu, nzito kuliko nilivyoikumbuka. Hakutoa salamu. Alisema mashine inaweza kusema chochote, na siku hizi watu wanaitwa kwa sauti za ndugu zao wakivuka hawaonekani tena. Kama huyo ni mama, aseme nani alimla kuku aliyefugwa kwa ajili ya mchungaji. Basi. Kanda ikaendelea kuzunguka na mngurumo wa lori tu.

Nilishikwa na hasira. Mama amefufuka, naye anauliza kuku! Lakini nikamtazama mama, na mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kile kitambaa kirefu cha redio, akasema huyo ndiye, huyo ni wangu, hata mimi nisingeamini. Akaniambia nibonyeze kile kidude chekundu cha kunasia.

“Tulimla mimi na wewe,” akasema, karibu kabisa na mashine, “nyuma ya ghala, wewe ukachukua firigisi. Tukasema ni mwewe. Dada yako akachapwa kwa kuacha banda wazi.”

Kisha akanigeukia kunitazama kama nimesikia. Kidole changu kilikuwa bado juu ya kitufe. Miaka yote ile niliamini kwamba mimi ndiye niliyesahau kufunga lile banda.